Kutafuta kazi ya utafiti chuo kikuu: anzia kwenye fedha, tangazo litafuata

Tangazo la kazi ya utafiti ndilo la mwisho kuzaliwa. Miezi kadhaa kabla halijapandishwa kwenye tovuti ya chuo, mtafiti fulani aliketi akaandika andiko la mradi, akalipeleka kwa mfadhili, likapita, na ndani ya bajeti yake kukawa na mstari mmoja unaosema: mtafiti, miezi 24. Mstari huo ndio kazi unayoitafuta. Una kiasi chake cha mshahara, una siku ya kuanza na siku ya kufa. Aliyeuandika anajua tayari ni kazi gani ifanyike mwezi wa tatu na ipi ifanyike mwezi wa ishirini. Asichokijua ni nani wa kuifanya.

Wengi wetu tulianza kwa kutafuta kazi hizi kama mtu anavyotafuta kazi ya benki: unasubiri tangazo, unatuma wasifu uleule kila mahali, unasubiri tena. Njia ninayoieleza hapa inaanza mapema zaidi. Haifuti matangazo, kwa sababu vyuo vingi vinabanwa na taratibu zao kutangaza nafasi hadharani na kuwapima waombaji kwa vigezo vilivyoandikwa. Ila utalisoma tangazo kama mtu aliyekwisha kuliona andiko lililolizaa, na hilo linabadilisha barua unayoandika.

Hatua ya 1: Jua kazi yako inaitwaje

Neno "mtafiti" ni pana mno kutafutia kazi. Ulaya hutumia ngazi nne, R1 hadi R4. R1 ni mtafiti anayeanza, ambaye bado hajapata uzamivu. R2 ana uzamivu lakini hajasimama kwa miguu yake. R3 amejitegemea, na R4 ni kinara wa fani yake. Tovuti ya EURAXESS, inayoendeshwa chini ya Tume ya Ulaya na isiyotoza chochote, inakuruhusu kuchuja matangazo kwa ngazi hizo. Chuja, usipoteze jioni nzima kusoma nafasi za maprofesa.

Nje ya mpangilio huo majina yanachanganya. Uingereza, Research Assistant kwa kawaida ni mtu asiye na uzamivu, na Research Associate ni mwenye uzamivu au anayekaribia kuupata. Marekani, Research Assistant anaweza kuwa mwanafunzi wa uzamivu anayelipwa kwa kazi ya maabara, au mhitimu wa shahada ya kwanza aliyeajiriwa. Ujerumani, cheo cha Wissenschaftlicher Mitarbeiter huwabeba wote wawili, anayesomea uzamivu na aliyeumaliza zamani. Basi usihukumu kwa jina. Shuka moja kwa moja kwenye sifa zinazotakiwa.

Jambo moja huwapita watu wengi. Uholanzi, Uswidi, Norwei na Denmaki, anayefanya uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo: ana mkataba, ana mshahara, na nafasi yake hutangazwa pamoja na kazi nyingine. Anayekaa akisaka "ufadhili wa masomo" hupishana na nafasi hizi kila wiki, maana hazikuandikwa hivyo. Marekani mambo ni kinyume. Huko unaomba kwanza kuwa mwanafunzi, kwa kawaida tarehe za mwisho zikiwa Desemba au Januari, na malipo huja kupitia kufundisha au kusaidia utafiti.

Halafu kuna kazi ambazo hakuna anayeziota akiwa darasani: meneja wa data, mratibu wa mradi, fundi wa maabara, mhandisi wa programu za utafiti. Kwa mwenye shahada ya kwanza au ya uzamili nadhani huu ndio mlango unaodharauliwa kuliko yote. Waombaji ni wachache, kazi yenyewe iko katikati ya mradi, na mtu aliyesafisha takwimu kwa miaka miwili huijua tafiti ile kuliko baadhi ya wanaoitia sahihi.

Hatua ya 2: Andika swali lako katika sentensi moja

"Napenda afya ya jamii" si swali. "Nataka kujua namna ya kusahihisha vipimo vya vihisi vya bei nafuu vya uchafuzi wa hewa" ni swali, na lina faida ya kukupa maneno ya kutafutia: vihisi, bei nafuu, usahihishaji, hewa. Tuutumie mfano huu hadi mwisho. Kama sentensi haiji, soma ikisiri ishirini za makala mpya za fani yako na uandike pembeni zile tatu zilizokufanya utake kuendelea kusoma. Swali lako limo humo.

Hatua ya 3: Fuata fedha

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Wafadhili wakubwa wa umma huweka wazi orodha ya miradi waliyoilipia, na mtu yeyote anaweza kuipekua bila kulipa wala kuomba ruhusa:

- NIH RePORTER, kwa utafiti wa afya unaolipiwa na serikali ya Marekani
- NSF Award Search, kwa sayansi, uhandisi na sehemu ya sayansi ya jamii, pia Marekani
- CORDIS, kwa miradi ya Umoja wa Ulaya
- Gateway to Research, kwa Uingereza
- GEPRIS, kwa miradi ya DFG, shirika la Ujerumani linalofadhili utafiti

Weka maneno yako ya swali, kisha panga matokeo kwa tarehe ya kuanza. Kila mradi utakuonyesha jina la mtafiti mkuu, chuo, muhtasari, tarehe mbili, na mara nyingi kiasi cha fedha. Unachokitafuta ni mradi unaoanza ndani ya miezi sita ijayo au ulioanza miezi miwili mitatu iliyopita. Mtafiti wake mkuu ana fedha na bado hana watu. Mradi uliobakiza miezi minane hauna cha kukupa, hata kama mada yake inakutoa machozi ya furaha. Andika jina la mwenye mradi kwenye daftari, kwa kuwa huenda anaandaa andiko jipya, kisha songa mbele.

Jifunze kuusoma mradi kwa jicho la mhasibu. Chukua ruzuku ya kuanzia ya Baraza la Utafiti la Ulaya, yaani ERC Starting Grant. Kiwango chake cha kawaida hufika hadi euro milioni 1.5 kwa miaka 5. Mtafiti mkuu hawezi kuzila peke yake, na sehemu kubwa huenda kwenye mishahara ya timu. Ukiona jina jipya kwenye orodha ya washindi, jua kuwa kuna uwezekano mkubwa wa watu wa uzamivu na wa baada ya uzamivu kuajiriwa hapo, na kuwa hawataajiriwa siku moja. Ruzuku ndogo ya miaka 2 kwa kawaida ina nafasi moja tu, tena yenye haraka, kwa sababu kila mwezi unaopita bila mtu unakatwa kwenye kazi.

Njia ya pili ya kuziona fedha iko kwenye makala zenyewe. Nenda mwisho, kabla ya marejeo, kwenye shukrani au taarifa ya ufadhili. Hapo utakuta jina la mfadhili na namba ya ruzuku. Ingiza namba ile kwenye orodha ya mfadhili husika na mradi mzima utafunguka mbele yako. Makala tano za swali lako zikikupeleka kwenye ruzuku mbili zilezile, umeshajua ni wapi fani yako inapolipiwa.

Ya tatu ni wahadhiri wapya. Mtu aliyeajiriwa mwaka huu kuanzisha maabara yake, hasa Marekani, mara nyingi hupewa na chuo fedha za kuanzia. Hana wanafunzi wa kurithi, hana foleni ya barua pepe mia nne, na anahitaji mikono. Profesa mwenye jina kubwa ana vyote hivyo. Ningekuwa naanza leo, kati ya kila barua tano ningepeleka tatu kwa wapya.

Tengeneza jedwali: jina, chuo, mradi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, mfadhili, makala niliyoisoma, siku niliyoandika, jibu. Majina kumi na tano yaliyochunguzwa hivi yana uzito kuliko mia moja yaliyookotwa.

Hatua ya 4: Matangazo, na namna ya kuyasoma

Kwa Ulaya nzima tumia EURAXESS. Kwa Uingereza ni jobs.ac.uk, kwa Uholanzi AcademicTransfer, kwa Marekani HigherEdJobs, kwa Japani JREC-IN. Baadhi ya fani zina soko lake lenyewe: wanahisabati wana MathJobs, wachumi wana EconJobMarket, na watu wa historia na fasihi hupitia H-Net. Jarida la Nature nalo lina ukurasa wake wa kazi, wenye sayansi asilia kwa wingi. Fungua akaunti na uweke taarifa za kujituma zenyewe kwa maneno ya swali lako, ili tangazo likufuate badala ya wewe kulifuata. Kisha chukua vyuo vilivyomo kwenye jedwali lako na uangalie kurasa zao za ajira mara moja kwa wiki, kwa kuwa si kila nafasi hufika kwenye tovuti za jumla.

Tangazo likipatikana, usianze kuandika. Lisome mara ya kwanza kutafuta sababu za kuliacha: mkataba ni wa muda gani, ni asilimia ngapi ya kazi kamili, na sifa za lazima ni zipi. Suala la asilimia si dogo. Ujerumani nafasi za uzamivu hutolewa mara nyingi kwa sehemu tu ya kazi kamili, kwa mfano asilimia 65 ya mshahara wa daraja la E13, na mtu asiyejua hupiga hesabu ya mshahara mzima. Huko pia kuna sheria ya mwaka 2007 inayoweka ukomo wa mikataba ya muda kwa watafiti: kwa kawaida miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake. Miaka uliyokwisha kuitumia huhesabiwa, hivyo mwenye historia ya kazi huko aihesabu mapema.

Sifa za lazima zitenganishe na sifa za nyongeza. Ukikosa moja ya lazima iliyo wazi, kama shahada au lugha, achana nayo. Ukikosa za nyongeza mbili tatu, omba. Nimewaona watu wenye uwezo wakijiondoa wenyewe kwa sababu ya kipengele ambacho mwenye tangazo alikiongeza dakika ya mwisho bila kukifikiria sana.

Kuna matangazo yenye harufu ya mtu ndani. Yako wazi kwa siku kumi, sifa zake ni finyu kiasi cha kutaja kifaa fulani, lugha fulani na uzoefu kwenye mradi uleule. Huenda yupo mfanyakazi ambaye mkataba wake unafanywa upya na taratibu zinadai tangazo. Mimi huyatumia kama ushahidi kwamba maabara ile ina fedha, naingiza jina kwenye jedwali, na naiandikia barua nafasi nyingine inayostahili usiku wangu.

Hatua ya 5: Barua pepe ya kwanza

Matangazo mengi huweka jina la mtu wa kuulizwa. Mwulize. Na kwa wale wa kwenye jedwali ambao hawajatangaza chochote, andika wewe kwanza. Barua yenyewe iwe ya maneno yasiyozidi mia mbili, isomeke kwenye simu bila kusogeza skrini mara nne, na iwe na swali linalojibika kwa sentensi moja. Kwa mfano wetu wa hewa ingekuwa hivi, kwa lugha yoyote utakayoiandika:

*Profesa mpendwa,*

*Nimesoma muhtasari wa mradi wenu mpya wa vihisi vya hewa unaoanza Septemba, pamoja na makala yenu ya mwaka jana kuhusu athari ya unyevu kwenye vipimo. Katika tasnifu yangu ya uzamili nililinganisha vihisi sita vya bei nafuu na kituo rasmi kwa miezi minne, na nikakutana na tatizo hilohilo la unyevu. Marekebisho ya mstari mnyoofu yalishindwa pale unyevu ulipopita asilimia 80, nikalazimika kutumia mbinu nyingine. Programu niliyoiandika iko wazi mtandaoni.*

*Je, mnatarajia kuajiri mtafiti msaidizi kwenye mradi huu, na kama ndivyo, tangazo litatoka lini? Nimeambatisha wasifu wa kurasa mbili.*

*Wenu katika kazi,*

Angalia kilichokosekana. Hakuna sifa za kumpamba profesa, hakuna historia ya maisha, hakuna "nitafanya kazi yoyote". Kuna matokeo moja yenye namba, na namba hiyo inamwambia msomaji kwamba huyu aliishika kazi kwa mikono yake. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku kumi au kumi na nne. Baada ya hapo nyamaza. Ukimya mara nyingi maana yake ni kwamba barua ilizama, wala haihusiani na uwezo wako.

Usitume barua moja kwa watu watano wa idara moja. Wanakula chakula cha mchana pamoja.

Hatua ya 6: Wasifu na barua ya maombi

Miaka ya mwanzo niliomba nafasi iliyodai uzoefu wa programu fulani ya takwimu. Uzoefu nilikuwa nao, nikauweka ukurasa wa nne, chini ya kichwa "mengineyo". Sikuitwa. Baadaye mtu aliyekuwa kwenye jopo aliniambia kwa upole kwamba walikuwa na jedwali: majina upande wa kushoto, sifa juu, na kila mjumbe anaweka alama. Kwenye kisanduku cha takwimu mimi niliwekewa sifuri. Hawakuiona, na hawakuwa na wajibu wa kuitafuta.

Tangu hapo huandika barua kwa mpangilio wa tangazo. Sifa yao ya kwanza ndiyo aya yangu ya kwanza, kwa maneno yao wenyewe, ikifuatwa na ushahidi: nilifanya nini, wapi, kwa kiasi gani, kikatoka nini. Kama tangazo linasema "uwezo wa kufanya kazi kwa kujitegemea", usiandike kwamba unao. Andika kwamba uliendesha ukusanyaji wa takwimu kwa miezi minne wakati msimamizi yuko likizo ya utafiti, ukabadilisha ratiba kifaa kilipoharibika, na ni asilimia ngapi tu ya vipimo vilivyopotea. Uingereza mtindo huu wa kupima kwa sifa za lazima na za nyongeza umeenea sana, lakini barua ya namna hii haimchukizi msomaji wa nchi yoyote.

Wasifu wa mwombaji anayeanza utoshe kurasa mbili. Mwenye uzamivu anaweza kurefusha kwa sababu ya orodha ya machapisho, ila ukurasa wa kwanza ubebe kila kilichodaiwa na tangazo. Weka namba yako ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayokutofautisha na majina yanayofanana na lako. Mfumo huo ulizinduliwa mwaka 2012 na kujisajili ni bure. Kwenye kila chapisho la waandishi wengi ongeza mstari mmoja wa ulichofanya. Majarida mengi sasa hutumia orodha ya CRediT yenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kuchambua takwimu na kuandika rasimu. Kuwa mwandishi wa sita uliyefanya uchambuzi wote ni habari njema, basi iseme.

Huna chapisho? Weka tasnifu, programu uliyoiandika, seti ya data uliyoisafisha na kuiweka wazi, bango ulilowasilisha kwenye kongamano. Makala iliyo mkononi iandike kwa ukweli: "inaandaliwa", "imetumwa", "imekubaliwa". Kuna wajumbe wanaoomba kuiona rasimu.

Wadhamini

Mdhamini mwenye cheo kikubwa asiyekumbuka ulikaa kiti gani hakusaidii. Chagua aliyekuona ukifanya kazi. Mwombe kwa maneno yanayompa njia ya kukataa bila aibu: "Je, unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine. Akikubali, mpelekee tangazo, wasifu, barua yako na mambo matatu ambayo ungependa ayaguse, angalau wiki tatu kabla. Marekani barua tatu ni jambo la kawaida na wadhamini huzipandisha wenyewe kwenye mfumo, usizione. Kwingineko majina tu hutosha, nao huandikiwa baada ya mchujo. Waambie mapema, ili barua pepe ya chuo isiwakute hawana habari.

Usaili

Usaili wa kazi ya utafiti huwa na vitu vitatu: wasilisho fupi la kazi yako, maswali ya jopo, na nafasi yako ya kuuliza. Wasilisho la dakika kumi ni slaidi nane, si ishirini na tano. Slaidi ya mwisho isiwe "asanteni". Iwe ile inayoonyesha ni wapi ujuzi wako unaingia kwenye mradi wao, na hapo ndipo ule muhtasari ulioukuta kwenye orodha ya mfadhili unapolipa. Mtu aliyesoma kwamba mradi una awamu tatu, na anayeweza kusema "awamu ya pili ndiyo ninayoiona ngumu, kwa sababu hii", ameshaanza kufanya kazi mbele ya jopo.

Swali ambalo huwaangusha wengi ni hili: kitu gani kilikwenda vibaya katika utafiti wako? Wanataka kusikia kosa halisi, uliligunduaje, na ulimwambia nani. Mtafiti asiyewahi kukosea anawatia hofu, kwa kuwa maana yake hajui au hasemi.

Kwa upande wako uliza: nani mwingine yuko kwenye timu, waliotoka wamekwenda wapi, uandishi wa makala hugawanywaje, msimamizi hukutana na watu wake mara ngapi. Ikiwezekana zungumza na mwanatimu mmoja faragha. Akijibu "yuko bize sana" na kunyamaza, umepata jibu.

Njia ya pembeni: kwenda na fedha zako mwenyewe

Mwenye uzamivu hana haja ya kusubiri mstari wa bajeti ya mtu. Ruzuku za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya zina tawi la watafiti wa baada ya uzamivu, na kwa nafasi za ndani ya Ulaya uraia wowote unakubalika. Masharti makuu mawili: usiwe umepitisha miaka 8 ya uzoefu wa utafiti tangu upate uzamivu, na usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 kati ya 36 iliyotangulia katika nchi unayotaka kwenda. Tarehe ya mwisho huangukia Septemba kwa kawaida. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani hupokea maombi wakati wowote wa mwaka. Vyote viwili vinakutaka uwe na mwenyeji aliyekubali kukupokea, kwa hiyo unarudi kwenye jedwali na barua pepe zilezile, isipokuwa swali linabadilika: "Je, ungekubali kuwa mwenyeji wangu?" Hilo ni rahisi kulijibu kuliko kuombwa mshahara. Andika miezi minne au mitano kabla ya tarehe ya mwisho, na masharti uyasome kwenye wito wa mwaka husika, kwa maana hurekebishwa.

Matapeli

Chuo halisi hakikutozi ada ya "kushughulikia mkataba", wala hakikupi kazi ya utafiti bila usaili. Barua ikitoka kwenye anwani ya bure isiyo ya chuo, tafuta jina la profesa kwenye tovuti ya idara na umwandikie kwa anwani iliyoko huko. Usiibofye ile iliyokuja kwenye barua.

Kabla ya kusaini

Ukipewa nafasi, pumua, kisha omba mkataba kwa maandishi kabla ya kuacha kazi uliyonayo. Angalia tarehe ya kuisha na uilinganishe na tarehe ya kuisha kwa mradi kwenye orodha ya mfadhili. Kama mkataba ni wa mwaka mmoja na mradi una miaka mitatu, uliza ni nini kinachoamua kuongezwa kwake na nani anaamua. Uliza kama viza na gharama za kuhama ziko upande wako au wao, na kama tarehe ya kuanza inaweza kusogea iwapo viza itachelewa, maana fedha za mradi zinahesabu siku hata kama wewe bado uko kwenye foleni ya ubalozi. Nafasi ya mshahara kupandishwa huwa finyu, kwa kuwa vyuo vingi vina madaraja yaliyopangwa, ila ndani ya daraja kuna ngazi, na uzoefu wako wa awali unaweza kukuanzishia ngazi ya tatu badala ya ya kwanza. Liombe hilo kabla ya sahihi, kwa barua pepe, ukiambatisha vyeti vya kazi ulizofanya.

Halafu urudi kwenye jedwali lako, uwaandikie wale waliokujibu vizuri lakini hawakuwa na nafasi, uwaambie unakwenda wapi. Mkataba wako una miezi 24, na maandiko yao mapya yako mezani kwa wafadhili.